Anza na Asiyeshika Simu: Mwongozo wa Kutengeneza Mfumo Unaolinda Utu, kutoka Mialo ya Mwanza

Mama mmoja, mwanikaji wa dagaa na mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, aliacha kuja mikutanoni wiki ya pili baada ya sisi kuwasha mfumo wetu wa kumbukumbu za mikopo. Tulidhani ameuguliwa. Kumbe ujumbe wa kwanza tuliomtumia ulifika saa tatu usiku, simu ikiwa mkononi mwa mumewe: “Deni lako la Sh 180,000 limepita muda. Lipa kuepuka faini.” Mume hakuwa na habari ya mkopo. Ilikuwa ada ya mtoto, na mama alikuwa amepanga kumweleza mwenyewe kwa wakati wake. Katika mfumo hapakuwa na kosa la hesabu. Kiasi kilikuwa sahihi, tarehe sahihi, namba ya simu sahihi. Tulikuwa tumejaribu kila kitu isipokuwa swali moja: ujumbe huu ukisomwa na mtu mwingine, itakuwaje?

Nawaandikia ninyi mnaotengeneza programu na mifumo ya simu hapa Mwanza, Ukerewe, Sengerema na kwingineko mwambao wa Ziwa Victoria, mliosomea vyuoni na mliojifunza wenyewe kwa bando la usiku. Kuna watu walioipa mpangilio mapema kazi hii ya kutengeneza mifumo kwa kuzingatia maadili. Batya Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, wamekuwa wakiijenga tangu miaka ya 1990. Wanasema kila chombo kina maadili ndani yake, aliyekitengeneza awe amekusudia au hakukusudia. Walichonisaidia zaidi ni jinsi wanavyowatenganisha wahusika. Wako wanaotumia chombo kwa mikono yao, na wako wanaoguswa nacho bila kukitumia kabisa. Mume wa yule mama hakuwa mwanachama wetu, na hatukuwahi kuandika jina lake popote. Lakini alikuwa ndani ya mfumo wetu tangu siku ya kwanza.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho ili tusipotee: daftari la simu la biashara ya dagaa kwenye mwalo, yaani pale ufukweni mitumbwi inapoegesha na samaki kuuzwa. Mitumbwi hurudi alfajiri, dagaa wabichi wanauzwa kwa ndoo, na wanawake wengi huwachukua kwa mali kauli, wakawaanika, wakawauza kwa wachuuzi wanaopeleka soko la Mwaloni Kirumba na mbali zaidi, ndipo wamlipe mwenye mtumbwi. Nani anadaiwa ndoo ngapi ni jambo linalogombanisha watu kila wiki. Kwa hiyo kijana akija na wazo la kuliweka daftari kwenye simu, wazo lake ni jema. Kazi iko kwenye namna.

Hatua ya 1: Nenda mwaloni kabla ya kufungua kompyuta

Ukifika saa nne asubuhi utakuta biashara imekwisha na utazungumza na wenye nafasi peke yao. Fika saa kumi na moja alfajiri. Pita kwanza kwa viongozi wa BMU, kile kikundi kinachosimamia mwalo, na kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Ni adabu, na inakuepusha kudhaniwa kuwa mtu wa ushuru. Ila usiishie kwao, kwa sababu kiongozi atakueleza mwalo unavyotakiwa kuwa, wakati wewe unatafuta ulivyo.

Usiulize “mnataka programu ya namna gani?” Mtu akiulizwa hivyo na mgeni mwenye kompyuta mpakato atajibu kile anachodhani mgeni anataka kusikia, ndiyo heshima tuliyolelewa nayo. Uliza habari za tukio. Mara ya mwisho mlipogombana kuhusu hesabu ilikuwaje? Nani alikuwa ameshika daftari? Dagaa waliponyeshewa, nani alibeba hasara? Majibu ya maswali ya namna hii huja na majina, siku na machungu, na humo ndimo mnapatikana vitu ambavyo watu wanavithamini kweli.

Ongea na wanawake mahali pao na kwa wakati wao. Kaa nao wanapogeuza dagaa kwenye chanja, nawe ushike kazi. Ukiwatoa kazini, wafidie muda wao. Na kama hujui lugha ya nyumbani, nenda na anayeijua. Mayu (ndiyo mama kwa Kisukuma) mwenye umri wa bibi yako anaweza kuwa anaelewa Kiswahili vizuri sana, lakini jambo linalomuuma atalisema kwa Kisukuma, na ng'ambo kule kwa Kikerewe au Kijita.

Hatua ya 2: Andika watu wote, kisha anza na walioko pembeni

Chukua karatasi kubwa, chora mstari katikati. Kushoto andika wanaoshika simu, kulia wanaoguswa bila kuishika. Sisi kushoto tulipata watatu haraka: mwenye mtumbwi, mwanikaji, mchuuzi. Kulia tukakaa kimya.

Maswali yafuatayo ndiyo yaliyotufungua. Kwa kila jina la kushoto, uliza: nani analala naye nyumba moja? Nani anamsomea ujumbe? Nani anamdai, nani amemdhamini? Nani atakosa kazi kama mfumo ukifanya kazi vizuri? Nani ana jina linalofanana na lake? Karatasi ilijaa. Alitokea mume. Alitokea mtoto wa darasa la tano, maana katika nyumba nyingi ndiye msomaji wa simu ya mama, kwa hiyo ndiye wa kwanza kujua deni. Alitokea karani wa mwalo, anayeandika kwa kalamu na kulipwa kwa hilo. Alitokea mwenye laini, kwa kuwa laini nyingi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine na jina linalotokea kwenye muamala si la anayeitumia.

Na wakatokea wavuvi wasio na mtumbwi. Hawa niwazungumze kwa kirefu, kwa sababu tuliwasahau mara mbili. Mvuvi wa dagaa hulipwa mgawo baada ya gharama za mafuta, taa na mtumbwi kukatwa. Hagusi daftari la mauzo, lakini idadi ya ndoo iliyoandikwa humo ndiyo inayoamua atarudi nyumbani na nini. Ukitengeneza daftari safi la kidijitali ambalo mwenye mtumbwi peke yake ndiye anayeliona, umemwongezea nguvu aliyekuwa na nguvu tayari. Jana mvuvi angeweza kuchungulia daftari la karatasi begani kwa karani. Leo hesabu imefungwa ndani ya simu yenye namba ya siri. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu, ila amedhulumika.

Tulirekebisha hivi: jumla ya ndoo za kila mtumbwi kwa siku, bila majina ya wanunuzi na bila madeni, inapatikana kwa mvuvi yeyote aliyeandikishwa kwenye mtumbwi huo, kwa kupiga namba fupi kwenye kitochi. Baadhi ya wenye mitumbwi walikataa. Tuliwaambia wazi kwamba bila hilo hatutaweka mfumo kwenye mwalo huo. Ukifika mahali kama hapo, uwe umeamua mapema utasimama wapi, kwa sababu anayelipa fedha za mradi kwa kawaida anatoka upande wa kushoto wa karatasi.

Hatua ya 3: Geuza kila neno zuri kuwa sharti linalopimika

Heshima, haki, siri, hiari, usalama. Haya maneno kila mtu anayakubali, na yakibaki maneno yatashindwa na tarehe ya kukabidhi kazi. Kwa kila moja andika mambo manne: neno lenyewe, linaonekanaje mwaloni, mfumo ufanye nini, tutajuaje kwamba umefanya.

Chukua siri. Mwaloni, mtu mwenye adabu hamdai mtu mbele ya wakwe zake, humwita pembeni. Basi mfumo nao uite pembeni. Sharti likawa: hakuna ujumbe utakaotaja deni, kiasi au jina la mdai kwa namna inayosomeka simu ikiwa imefungwa. Kipimo: tunachukua ujumbe wote unaoweza kutumwa na mfumo, tunampa mtu asiyejua lolote, na kumuuliza mpokeaji ana shida gani. Akiweza kukisia, tunaandika upya.

Chukua haki. Hapa ndipo nilipojifunza mengi kuliko mahali pengine popote. Programu nyingi za mikopo huweka siku 30 kama muda wa kulipa, kwa kuwa ndivyo kalenda ilivyo. Lakini dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka sana, taa haivuti samaki, mitumbwi inapumzika, na mwalo mzima hauna fedha. Mama aliyechukua ndoo tano mwishoni mwa giza, yaani kile kipindi cha mwezi kisicho na mbalamwezi, siku zake za kulipa zikaangukia kwenye mbalamwezi, ataitwa mkosaji na mfumo ilhali kila mtu aliye naye pale anajua hajakosa. Halafu kuna mvua. Dagaa wakinyeshewa kabla ya kukauka hubadilika rangi na kuoza, na wanaoponea huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kwa hiyo sharti la haki kwenye daftari letu linasema: muda wa deni unahesabiwa kwa giza, si kwa siku za kalenda, na mwalo unaweza kutangaza siku ya mvua ambayo haihesabiki. Kupiga hesabu ya mwezi kwenye programu ni kazi ya mistari michache. Kilichokosekana ni kuuliza.

Chukua uaminifu. Kwenye daftari la karatasi, mwandishi na mdaiwa husimama pamoja wakitazama kalamu. Hivyo kwenye simu deni lisiwe deni hadi pande mbili zimekubali. Asiye na simu akubali kwa kuitwa jina mbele ya karani na shahidi anayemchagua mwenyewe. Kosa likisahihishwa, mstari wa zamani ubaki unaonekana ukiwa umekatwa, kama kalamu inavyofanya.

Thamani zinapogongana

Zitagongana, na usijifanye hazigongani. Chukua kifaa cha kuonyesha mahali mtumbwi ulipo. Ziwa letu lina dhoruba zinazozuka usiku na alfajiri, wakati ambao wavuvi wako majini, na kumjua mtu alipo kunaweza kuokoa maisha yake. Usalama unasema washa kifaa muda wote. Lakini mvuvi anaficha mahali pake pa samaki hata kwa ndugu yake. Mwenye mtumbwi anashuku wavuvi wanauza samaki majini na anatamani kuwachunga kila dakika. Na wezi wa injini na nyavu wakipata taarifa hiyo wamerahisishiwa kazi.

Njia tuliyoona inafaa ni kumwachia mvuvi aseme, kabla ya kutoka, saa anayotarajia kurudi. Mahali alipo panahifadhiwa ndani ya kifaa kwa maandishi yaliyofungwa. Panafunguka kwa mambo mawili tu: akibonyeza kitufe cha hatari, au saa aliyotaja ikipita bila yeye kurudi. Na panafunguka kwa BMU na waokoaji. Mwenye mtumbwi hapewi. Hapa tumetoa sehemu ya usalama, kwa maana dakika zile kati ya hatari na saa ya kurudi zinaweza kupotea. Tumeandika hivyo kwenye karatasi ya mfumo, na wavuvi wenyewe wamesikia na kuchagua. Kila unapopima vitu viwili vizito, andika ulichokiacha na sababu, ili atakayekuja baada yako asidhani ulisahau.

Hatua ya 4: Kila kisanduku cha fomu kijieleze

Weka fomu yako mezani, shika kisanduku kimoja kimoja, uliza maswali mawili. Tukikosa taarifa hii, ni kazi gani itakwama? Ikivuja, nani ataumia? Jibu la kwanza likiwa “huenda tutaihitaji baadaye,” futa.

Kanda ya Ziwa ina sababu yake ya kulichukua hili kwa uzito. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 wenzetu wenye ualbino wamewindwa, wamekatwa viungo na kuuawa katika mikoa hii kwa imani za kishirikina. Sasa fikiria mtu mwenye nia njema kabisa anayetaka kugawa mafuta ya kukinga jua. Anatengeneza fomu: jina, umri, kijiji, alama ya mahali nyumba ilipo, picha. Ameandaa ramani ya wauaji. Kazi yake ingefanyika kwa idadi ya wahitaji kwa kila kituo cha afya na kadi yenye namba ambayo mtu anakaa nayo mwenyewe. Nimewahi kuona fomu ya namna hiyo ikiwa kwenye jedwali la pamoja, linalofunguka kwa kila mwenye kiungo. Tuliomba ifutwe siku hiyohiyo.

Kwenye daftari la dagaa kisanduku cha namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) kilifutwa, cha hali ya ndoa kikafutwa, cha picha kikafutwa. Ruhusa ya kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu ya mtu hatukuiomba kamwe. Mnajua ilivyotumika kwingine: mtu anachelewa kulipa mkopo wa mtandaoni, kisha bosi wake, mchungaji wake na mama mkwe wanatumiwa ujumbe kwamba ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kijana aliyeandika ile sehemu ya kunyonya majina ya simu alikaa mahali kama unapokaa wewe.

Upande wa sheria ujue hili: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa za afya, za watoto na za miamala ya fedha ya mtu zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Maana yake daftari la ndoo za dagaa, linaloonekana jambo dogo, linabeba taarifa nyeti. Jisajili mapema, uisome sheria yenyewe, na usingoje mfadhili akuulize.

Hatua ya 5: Omba ridhaa inayoweza kukataliwa

Maneno yasomwe kwa sauti, kwa lugha ya mtu, yasizidi dakika mbili. Kitufe cha kukataa kiwe na ukubwa na rangi sawa na cha kukubali. Anayekataa aendelee kupata mali kauli kwa daftari la karatasi kama zamani, bila kupangiwa foleni ya mwisho. Kama kukataa kunamkosesha riziki, hiyo siyo ridhaa. Na mtu akishakubali, awe na njia ya kujitoa isiyohitaji kupanda kivuko kuja mjini.

Hatua ya 6: Andika ujumbe kama mtu anayemwogopea mwenzake

Ujumbe mfupi wa kawaida una herufi 160, na unabaki kwenye simu hadi ufutwe. Menyu za kupiga namba yenye nyota na reli hubeba herufi 182 kwa skrini moja, na zikifungwa hazibaki kwenye kasha la ujumbe. Kwa hiyo mambo ya siri tuliyaweka kwenye menyu, na ujumbe mfupi ukawa mwito mtupu. Ule wa mwanzo uliovunja amani ya nyumba tuliubadilisha ukawa: “Habari kutoka Daftari. Kuna taarifa yako mpya. Ukipata nafasi, piga namba yako ya Daftari.” Unatumwa saa nne asubuhi, muda ambao mwanikaji yuko chanjani na simu iko naye.

Fanya hivyo hasa kwa mambo ya afya. Ujumbe wa kumkumbusha mtu dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi ukitaja jina la dawa au la kliniki, umemtangaza. Mwache mtu achague mwenyewe maneno atakayokumbushwa nayo. Wako watakaochagua “Salamu za Jumatatu,” na hiyo inatosha.

Pia usiwafundishe watu tabia itakayomnufaisha tapeli. Kila mmoja wetu amewahi kupokea “ile hela itume kwenye namba hii.” Kama mfumo wako nao unatuma namba mpya za malipo kwa ujumbe mfupi, unawazoesha watu kutii sauti ileile. Namba ya malipo ya mwalo ibandikwe ukutani ofisini kwa BMU, isibadilike, na mfumo usimwombe mtu namba ya siri kwa njia yoyote.

Hatua ya 7: Buni kwa ajili ya siku mbaya

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, Ukerewe, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Sote tunaoishi huku tuna mtu, au tunamjua mwenye mtu. Katika saa zile za kwanza hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika walikuwamo wangapi. Ilielezwa kwamba aliyekuwa akitoa tiketi alifariki pamoja na abiria wake, na mashine yenye kumbukumbu ikapotelea majini.

Huwa namrudia kila kijana anayefanya kazi nasi jambo hili bila haraka. Mashine ya tiketi huundwa kwa ajili ya mapato, na kwa mapato kumbukumbu ikisomwa jioni inatosha. Kwa uhai wa mtu, hesabu ya waliopanda inatakiwa ibaki nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa. Inahitaji kitu kidogo sana: idadi itumwe kwa ujumbe mfupi kwenda gati zote mbili chombo kinapong'oa nanga, au iandikwe ubaoni gatini kwa chaki. Na mashine inayojua ukomo ni 101 inaweza kukataa kutoa tiketi ya 102.

Keti na wenzako, mwandike siku mbaya za mfumo wenu. Simu ya karani imezama. Mtandao kisiwani umekatika siku tatu. Umeme hakuna. Karani amefariki, na namba ya siri alikuwa nayo peke yake. Mwenyekiti wa BMU amebadilishwa na mpya anataka kuona madeni ya mpinzani wake. Ofisi moja imekuja na barua ikiomba orodha yote. Kwa kila moja jibuni: nani anaumia, na mfumo unafanya nini bila sisi kuwepo? Sisi tulijibu ya kwanza kwa kuchapisha jumla za kila wiki kwenye karatasi na kuzifungia kwenye sanduku la kikundi, lile la funguo tatu. Karatasi haihitaji chaji.

Hatua ya 8: Jaribu na watu watakaoshindwa

Usijaribu ofisini. Jaribu juani saa saba mchana, skrini ikiwaka jua lote, vidole vikiwa na magamba. Mpe asiyejua kusoma, anayeona kwa shida, mwenye kitochi kilichopasuka. Kaa kimya, usimsaidie, andika anapokwama.

Ukinunua teknolojia iliyotengenezwa mbali, usiamini kwamba ilijaribiwa kwa watu kama sisi. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kibiashara inayotambua jinsia kwa kutazama sura. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi lilifika hadi asilimia 34.7. Wauzaji walikuwa wakiitangaza kuwa sahihi. Kama unataka mama wa Igombe, hapa Mwanza, afungue akaunti kwa kupiga picha ya uso, pima kwanza kwa nyuso za Igombe, alfajiri kwa mwanga hafifu, na akishindwa awe na njia nyingine isiyomfanya ajione mshukiwa.

Hatua ya 9: Weka mtu wa kulalamikiwa

Awe mtu mwenye jina, anayepatikana kwa simu na kwa miguu, na mwenye uwezo wa kubatilisha alichosema mfumo. Asiye na uwezo huo atabaki kuwapoza watu tu. Sheria ya 2022 inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake juu ya mtu, kwa hiyo kama programu yako inampa mama alama za kukopesheka, lazima awepo binadamu wa kumweleza sababu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Sisi tulimpa kazi hii yule karani wa daftari la karatasi. Anajua nani alikuwepo asubuhi ile, na watu wamemzoea.

Hatua ya 10: Panga siku ya kufunga tangu siku ya kufungua

Miradi huku kwetu huja na fulana na huondoka na gari. Seva inaachwa, malipo yake yanakoma, na majina ya watu yanabaki mahali pasipo na mlinzi. Andika kwenye mkataba wa kwanza kabisa: mfumo ukifungwa, taarifa zitarudi kwa nani, kwa umbo gani, nani atafuta, na fedha ya kazi hiyo iko wapi. Itenge mapema, kwa kuwa mwisho wa mradi haitapatikana.

Mwalo wa kwanza tuliofunga, tulichapisha ukurasa wa kila mwanikaji peke yake, tukamkabidhi mkononi ukiwa umekunjwa. Tulimsomea pembeni kila aliyetaka kusomewa. Mwenye deni na mdai wakasaini masalio kwenye daftari jipya la karatasi tulilonunua sisi, karani akaanza kuandika kwa kalamu. Kisha mbele ya kamati, kompyuta ikiwa imegeuziwa kwao, tukafuta, na mmoja wao akataja majina matatu ili tuyatafute. Hayakuonekana.